"Nataka kuwa" na "nataka kufanya"

Mimi ni mshauri nasaha, nina chumba kidogo Michenzani, Unguja. Anayekuja kuniuliza "niichukue kazi hii au niiache?" mimi humsikiliza vitenzi kabla ya hoja. Anayesukumwa na nafsi hutaka kuwa: kuwa mkurugenzi, kuwa mheshimiwa. Mwenye wito hukueleza atakachofanya akishafika, tena kwa kirefu mpaka uchoke.

Mwalimu mmoja wa Pemba (nimebadilisha mambo asitambulike) alipewa barua ya kuwa mwalimu mkuu. Alizungumza robo saa nzima: ofisi, kiti, mawifi watasemaje. Nikamuuliza, "Jumanne saa nne asubuhi, ukishakuwa mkuu, utakuwa unafanya nini?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Dada, saa nne mimi niko na darasa la pili. N'na mtoto mmoja ndo kwanza anaanza kuunga silabi..." Uso ukamkunjuka. Hakunihitaji tena, ila ada nilishapokea.

Watu hudhani wito hukaa kwenye kazi za heshima tu. Mwaka 1997, mtafiti Amy Wrzesniewski na wenzake, huko Marekani, waliwauliza wafanyakazi 196 kazi kwao ni nini: riziki, ngazi ya kupandia, au wito. Waligawika karibu theluthi kwa theluthi. Kilichonishangaza ni kwamba hata makatibu muhtasi 24 waliokuwamo, wa kazi ile ile, waligawika vivyo hivyo.

Wengine huswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo, kabla ya kuja, na ni jambo jema. Taabu ni kungoja jibu lije kwa ndoto. Ndoto si sharti, na anayetaka cheo mchana kutwa usiku ataota cheo.

Sisemi nafsi ni adui. Mimi mwenyewe nilisomea uzamili kwa kuwa shemeji yangu alikuwa nao. Mapenzi ya kazi yalikuja baadaye, nilipoanza kukaa na watu. Na mwenye watoto wa kulisha, mshahara ukija, simsumbui kwa maswali ya wito. Achukue.

Yule mwalimu aliuchukua ukuu, akaomba abakiziwe vipindi vya kusoma vya darasa la pili. Tulipoonana mara ya mwisho hakugusia ofisi hata kidogo. Alinihadithia yule mtoto: sasa anasoma kwa sauti kila kilichoandikwa ukutani njia nzima, hata yale ambayo bora asingeyasoma.