Je, wajua? Maharage ya kuwahukumu wachawi yalizaa dawa ya Alzheimer

Mmea unawezaje kumsaidia mtu mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uitwao Alzheimer, yule anayeuliza saa mara tano kabla chai yake haijapoa?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, tena nililitoa bila kuulizwa: mimea hulisha ubongo. Kwa imani hiyo niliwahi kubeba chupa ya soda ya nusu lita kutoka Gikomba hadi Kayole, jijini Nairobi, imejaa maji ya rangi ya strungi, mdomo umezibwa kwa karatasi ya nailoni. Muuzaji aliniambia ni mizizi ya kuamsha damu ya kichwa. Mama mkubwa alionja kijiko kimoja, akakunja uso, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kosa langu halikuwa kuamini kwamba mimea inaweza kuwa dawa. Kosa lilikuwa kudhani inafanya kazi kama uji. Dawa za Alzheimer zilizoidhinishwa ni chache, na mbili kati yake, galantamini na rivastigmini, zina ukoo wa mimea. Mimea yenyewe ni ya sumu. Mmea hauwezi kumkimbia mbuzi wala kiwavi, na inaelekea kwamba kemikali za namna hii ni silaha yake ya kuvuruga neva za anayeutafuna. Tulichofanya sisi ni kuiazima silaha hiyo, kwa kipimo kidogo mno.

Ile mimea tunayoipenda kwa upole wake ndiyo iliyotuangusha. Majani ya mti wa ginkgo yalijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yakaonyesha kwamba hayazuii ugonjwa huu. Manjano yana kurkumini, ambayo hufanya mambo ya kupendeza ndani ya vyombo vya maabara, lakini ukiila, sehemu ndogo sana ndiyo hufika kwenye damu. Majaribio kwa wagonjwa bado hayajaleta ushahidi wa kutegemewa. Endelea kuyatia kwenye pilau kama wayapenda, lakini usiyape kazi ya daktari.

Sasa turudi kwenye sumu. Seli za neva hazigusani. Kati yao kuna upenyo mwembamba, na ujumbe huvushwa na kemikali, mojawapo ikiitwa asetilikolini. Fikiria wachuuzi wa barabara ya Ronald Ngala jioni. Kila mchuuzi ni chembe ya asetilikolini, na akimfikia mteja wa upande wa pili, ujumbe umefika. Nyuma yao wanakuja kanjo, askari wa jiji, ambao hapa ni kimeng'enya cha kuivunja asetilikolini. Kanjo hawa hawana mzaha: chembe moja ya kimeng'enya huvunja maelfu ya chembe za asetilikolini kwa sekunde moja. Wanahitajika, maana njia isiposafishwa, ujumbe unaofuata hauna pa kupita.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, seli zinazowatuma wachuuzi hufa. Wachuuzi wanapungua, lakini kanjo wanaendelea na msako uleule, kwa hiyo wengi wanakamatwa kabla ya kuuza hata soksi moja. Dawa huwashika kanjo kwenye kibanda cha chai kwa muda. Wachuuzi wale wachache waliobaki wanapata nafasi ya kuwafikia wateja. Dawa haileti wachuuzi wapya, wala haizuii seli kufa. Ndiyo maana faida yake huwa ndogo, wengine hawaioni kabisa, na ugonjwa unaendelea na safari yake.

Je, ukiwashika kanjo siku nzima? Barabara inaziba. Misuli inashindwa kutii, ikiwemo ile ya kupumulia. Hapo ndipo maharage ya Calabar yanapoingia. Waefik wa kusini mashariki mwa Nigeria waliwapa washukiwa wa uchawi wayameze: aliyekufa alikuwa mchawi, aliyetapika akapona hakuwa na hatia. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba asiye na hatia aliyameza kwa pupa, akatapika haraka, huku mwenye hatia akiyameza kwa kusitasita hadi sumu ikamwingia. Yanapendeza, ila sijui nani alikaa pale akahesabu. Mwaka 1855 daktari Robert Christison wa Edinburgh aliyala mwenyewe kwa utafiti, na alipolegea akanywa maji aliyokuwa ameyatumia kunyolea ndevu ili atapike. Alipona.

Kemikali ya maharage hayo, fisostigmini, ilitengwa mwaka 1864. Ilikuwa inaisha nguvu upesi mno mwilini, kwa hiyo wanakemia wakaichukua kama kielelezo na kutengeneza rivastigmini, inayodumu zaidi na siku hizi hupatikana hata kama plasta ya kubandika ngozini. Galantamini nayo ilianza kwenye maua meupe ya nchi za baridi yaitwayo galanthus, yakachunguzwa Urusi na Bulgaria miaka ya 1950, na Marekani ikaiidhinisha kwa Alzheimer mwaka 2001. Leo baadhi yake hukamuliwa kutoka kwa maua ya nasisi.

Dawa zote mbili huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole, kwa wiki kadhaa. Sababu mojawapo ni kwamba zinatapisha, kama maharage yenyewe.