Je, wajua? Katiba ya India ina majukumu 11 ya raia, lakini haimfungi anayeyakiuka

Julai 1985, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, ndugu watatu wa familia moja walifukuzwa shule. Mmoja alikuwa darasa la kumi, wa pili la tisa, mdogo wao la tano. Wimbo wa taifa, Jana Gana Mana, ulipoanza asubuhi walisimama wima kama wenzao, ila hawakuimba. Walikuwa Mashahidi wa Yehova, na imani yao haikuwaruhusu. Wakati huo Ibara ya 51A ya Katiba, yenye orodha ya majukumu ya raia, ilikuwa tayari inasema kwamba ni wajibu wa kila raia kuheshimu bendera na wimbo wa taifa.

Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Agosti 1986 watoto wakashinda. Majaji walisema hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuimba, na aliyesimama kwa adabu ameshauheshimu wimbo. Tena uhuru wa kujieleza na wa kuabudu haubanwi kwa waraka wa idara ya elimu. Sharti iwepo sheria.

Sasa inakuwaje wajibu uandikwe kwenye Katiba halafu usiwe na meno?

Katiba ilipoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, majukumu hayo hayakuwamo. Yaliingizwa mwaka 1976 kwa marekebisho ya 42, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa chini ya Waziri Mkuu Indira Gandhi. Wapinzani wengi walikuwa gerezani na magazeti yalikuwa yamefungwa mdomo. Kamati ya chama tawala cha Congress iliyoongozwa na Swaran Singh ilipendekeza majukumu manane, ikataka pia Bunge liweze kuwaadhibu wanaoyakiuka, na kulipa kodi kuwe mojawapo. Bunge likapitisha kumi. Adhabu na kodi vikaachwa nje.

Kwa hiyo ibara yenyewe haimpeleki mtu mahakamani. Anayechoma bendera hushtakiwa kwa sheria ya mwaka 1971, ambayo ni kongwe kuliko ibara hiyo.

Kinachonichekesha mimi ni kwamba kati ya yale kumi limo la kuwa na mtazamo wa kisayansi na moyo wa kudadisi. Raia anaagizwa aulize maswali, mwaka uleule ambao kuuliza kuliweza kumtia mtu ndani!

Mwaka 1977 Indira Gandhi alishindwa uchaguzi, na serikali mpya ikafuta sehemu kubwa ya marekebisho yale. Majukumu yakaachwa. La kumi na moja liliongezwa mwaka 2002: mzazi au mlezi ampatie mtoto wa miaka 6 hadi 14 nafasi ya kusoma.

Yanafanya kazi gani basi? Majaji huyatumia kama jiwe la mizani. Jimbo la Gujarat lilipopiga marufuku kuchinja madume ya ng'ombe na maksai hata wakizeeka, wachinjaji walilalamika kwamba wananyimwa haki yao ya kufanya biashara. Mwaka 2005 majaji saba wa Mahakama ya Juu waliketi, na wengi wao wakaiunga mkono sheria hiyo. Miongoni mwa hoja zao ulikuwemo wajibu wa raia kuwahurumia viumbe hai, maksai aliyechoka kulima akiwemo. Hakuna mchinjaji aliyeshtakiwa kwa kukosa huruma. Ila huruma hiyo, kwa kuwa imeandikwa kwenye Katiba, iliwekwa kwenye mizani upande wa sheria, na wachinjaji wakashindwa.