Kioo cha programu huria na ndoto ya seva kubwa

Anayetaka kujitolea kuendesha kioo cha programu huria, yaani seva yenye nakala za programu ambazo watu hupakua, karibu kila mara hunijia na orodha ileile: prosesa mbili za Xeon, RAID ya diski nane (diski zilizounganishwa ili moja ikifa data isipotee), pawasaplai mbili. Akishapiga hesabu ya bei, anakata tamaa. Afadhali angeuliza kwanza.

Kazi ya kioo ni kusoma faili na kuisukuma mtandaoni, basi. Nginx, programu ya seva ya wavuti, ikiwashwa kipengele cha sendfile, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndiyo inayohamisha data moja kwa moja, na prosesa hukaa karibu bure. Laini ya gigabiti 1 kwa sekunde hubeba megabaiti 125. SSD ya kawaida ya SATA husoma mara nne ya hizo. Kinachojaa kwanza ni laini, si mashine. HP t620, kile kikompyuta kisicho na feni ambacho ofisi nyingi zimeshakitupa, ukikipa RAM ya gigabaiti 16 na SSD ya terabaiti 2, kitaijaza laini hiyo. Mradi wa Micro Mirror wa Marekani umeweka vikompyuta vya namna hii katika vituo vya data, kila kimoja kikibeba miradi michache inayopakuliwa sana.

Nimesema SSD. Diski ya kuzunguka usiniletee: watu wengi wakipakua faili tofauti kwa wakati mmoja, kichwa chake kinahangaika na kasi inaporomoka. Na fedha uliyotenga kwa prosesa nunulia RAM. Fedora mpya (mfumo endeshi wa Linux) ikitoka, kila mtu anataka faili zilezile, nazo zitatoka kwenye RAM bila diski kuguswa.

RAID ya nini? Ulichonacho chote ni nakala. Diski ikifa, weka nyingine, rsync, programu ya kunakili faili, itaijaza; wakati huo programu za kuwaelekeza wapakuaji, kama MirrorManager ya Fedora au Mirrorbits ya VLC, zitawapeleka watu kwenye vioo vingine.

Kuna hoja ninazozisikia kila mara. “Mwenye kioo anaweza kupenyeza virusi.” Kwa Debian, mfumo mwingine wa Linux, apt (programu yake ya kusakinisha) hukagua saini ya faili ya InRelease; humo mna hashi, yaani alama za utambulisho, za faili za Packages zenye orodha ya vifurushi, na ndani ya hizo mna hashi ya kila kifurushi. Badilisha baiti moja uone: apt itakikataa. Anachoweza ni kukuchelewesha na masasisho, ndiyo maana kuna Valid-Until, tarehe ya mwisho ya orodha kutumika.

“Lazima kibebe kila kitu.” Hapana. Chukua vifurushi vya aina mbili za prosesa, amd64 na arm64, inatosha.

“Nitakiweka nyumbani, nina faiba.” Na umeme ukikatika? Mwombe mtoa intaneti aliyeunganishwa na kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti, kama KIXP ya Nairobi, TIX ya Dar es Salaam au UIXP ya Kampala akupe nafasi kwenye raki. Naye anafaidika: wateja wake hawatavuta kila sasisho kutoka Ulaya.

Halafu, kwa Debian, tumia ftpsync, skripti ya Debian ya kusasisha kioo, si rsync tupu kwenye cron (kipangaji cha kazi za kujirudia). ftpsync huleta vifurushi kwanza, orodha baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, apt za watu zitaomba vifurushi ambavyo bado viko njiani, na lawama zote zitakuja kwako.