Majini hakuna "haki ya njia"

Disemba ikikaribia, Nairobi nzima inapanga safari za Pwani, na wanaotarajia kuendesha boti kule Kilifi au Mtwapa hawakosi mtu wa kuwaambia: "Ukiwa upande wa kulia una haki ya njia, wewe nenda tu." Hilo la kulia lina ukweli ndani yake. Hilo la kwenda tu linaweza kuua watu.

Maana yenyewe ni fupi. Boti mbili za injini zikikatizana na kuna hatari ya kugongana, inayoiona nyingine upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Zikija uso kwa uso, zote zinapinda kulia, na kila moja inaiacha nyenzake upande wa kushoto. Sisi tuliozoea kubana kushoto Thika Road tuliweke hili kichwani kabla ya kugusa usukani. Anayempita mwenzake kutoka nyuma hujiepusha naye, hata kama yeye ana tanga na anayepitwa ana injini.

Sasa hiyo haki. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, hazimpi yeyote haki ya njia. Zinagawa wajibu. Mmoja apishe, tena mapema na kwa hatua inayoonekana waziwazi. Mwingine ashikilie mwelekeo na mwendo wake. Huyu wa pili ndiye anayedhaniwa amepewa upendeleo, kumbe naye amefungwa: akipunguza mwendo kwa adabu, au akipinda kidogo ili amsaidie mwenzake, anamvurugia hesabu yule anayejaribu kumkwepa.

Wala hajaruhusiwa kufumba macho. Kanuni ya 17 inasema akiona mwenzake hachukui hatua, anaweza kukwepa mwenyewe. Wakikaribiana kiasi kwamba mwenzake peke yake hawezi tena kuepusha ajali, ni lazima akwepe. Kama boti ile inatokea kushoto kwake, asipinde kushoto ikiwa kuna namna nyingine, kwa sababu mwenzake akizinduka dakika ya mwisho huenda akapinda kulia, na hapo watakutana. Akiwa na shaka, apige honi fupi tano au zaidi, harakaharaka.

Atajuaje kama hatari ipo? Boti yake ikienda moja kwa moja, atulie palepale alipo na aitazame boti ile ikiwa sambamba na nguzo ya turubai la boti yake. Ikizidi kuwa kubwa bila kusogea mbele wala nyuma ya nguzo, wanaelekea kugongana. Hata ikisogea kidogo, kama ni meli kubwa au iko karibu sana, asijiamini.

Kwa hiyo, anayekwenda Pwani asiambiwe "njia ni yako". Aambiwe: "Shikilia mwendo wako, na usimwondolee macho mwenzako mpaka mmepishana."