Miungu ya kale ya Uskoti haikuwa ya Wakelti peke yao

Wengi huamini kwamba kabla ya Ukristo Uskoti ilikuwa na dini moja tu ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi, safi, isiyochanganyika na nyingine. Mawe yenyewe yanakataa.

Itazame sanamu ya Brigantia iliyopatikana Birrens, kusini mwa Uskoti, ambayo sasa iko katika makumbusho ya taifa Edinburgh. Brigantia alikuwa mungu wa kike wa Wabrigante, watu wa kaskazini mwa Uingereza. Lakini hapa ana mabawa kama Victoria, mungu wa kike wa ushindi wa Warumi, ameshika mkuki, na kifuani ana kichwa cha Gorgon, jike la kutisha lenye nywele za nyoka, alama ya Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa hekima na vita. Mungu mmoja, asili kadhaa! Hapo hapo Birrens, askari Watungri wa jeshi la Kirumi, kutoka eneo la Ubelgiji ya leo, walimchongea madhabahu Ricagambeda, mungu wa kike wa kwao.

Huko Auchendavy, ngome ya Kirumi katikati ya Uskoti, akida wa Kirumi Marcus Cocceius Firmus aliweka madhabahu kadhaa. Moja tu inawataja kwa pamoja Mars, Minerva, Hercules na Epona, mlinzi wa farasi aliyetoka kwa Wagali, watu wa Ufaransa ya kale. Nayo Inveresk, karibu na Edinburgh, mwaka 2010 ilitoa madhabahu ya Mithras, mungu wa askari wa Kirumi mwenye jina la Kiajemi.

Kisha Waviking wakaleta miungu yao Orkney na Shetland, visiwa vilivyobaki chini ya wafalme wa Skandinavia hadi 1468 na 1469.