Makala ya jikoni na makala ya gazetini: kusoma neno usilolijua

Jumamosi moja katika chumba chetu cha kusomea hapa Goma, mashariki ya Kongo, kijana wa mwaka wa sita wa shule ya msingi alifungua gazeti la watoto lililochapwa Dar es Salaam. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti: "Soma makala hii mpaka mwisho, kisha ujibu maswali." Akanyamaza. Akaurudia. Mwishowe akaniinulia macho: "Mwalimu, makala ya kupika njo banatuambia tusome?"

Kwa mtu wa Goma, swali lile ni la haki kabisa. Makala kwetu ni yale meusi yanayoingia mjini kwa magunia na kusukumwa kwa chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, mpaka mlangoni. Kwa aliyeandika lile gazeti, makala ni maandishi. Ya jikoni yeye huyaita makaa.

Ninamtaja kijana huyu kwa heshima, kwa sababu alifanya jambo ambalo wasomaji wengi wazima hawalifanyi: alisimama. Alisikia kwamba neno analolijua vizuri limekataa kukaa pamoja na kitenzi kilicholitangulia. Nikamwomba alifunike neno lile kwa kidole, asome yaliyobaki. "Soma... hii mpaka mwisho." Nikamuuliza, ni kitu gani husomwa mpaka mwisho? "Barua. Kitabu. Hadithi." Basi, makala ni ndugu wa hivyo. Hakuhitaji kamusi, wala mimi sikumpa jibu.

Wengi hudhani kinachomzuia msomaji ni maneno asiyowahi kuyasikia. Miaka yangu ya kufundisha usomaji imenionyesha hatari kubwa zaidi: neno tunalodhani tunalijua. Neno geni kabisa hutusimamisha lenyewe. Lile lenye sura ya nyumbani hupita mlangoni bila kuulizwa.

Na sisi wa Kivu tuna mengi ya namna hiyo. Kiswahili cha vitabuni kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kamati ya kukisimamia Kiswahili hicho, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Kiswahili chetu kiliendelea na safari yake kwa amani, kikiokota maneno ya lugha za hapa, ya Kilingala na ya Kifaransa. Hakuna kosa katika hilo, na huwa ninasikitika ninapomsikia mzazi akimwambia mtoto kwamba Kiswahili anachoongea nyumbani ni kibovu. Ndicho chombo cha kwanza atakachosomea. Ila tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, sababu za kusoma maandishi ya Dar es Salaam na Nairobi zimezidi, na inatupasa tujue ni wapi njia zinaachana.

Mahali pengine zinaachana kwa utaratibu, na hapo kazi ni nyepesi. Tunasema batoto, imeandikwa watoto. Tunasema bitabu, imeandikwa vitabu. Mutu ni mtu, mulango ni mlango. Mtoto akishazoea mabadiliko hayo matatu, maneno mengi sana yaliyoonekana mageni yanageuka kuwa yale anayoyatamka tangu utotoni. Ninawasihi walimu waanze na hapo kabla ya jambo jingine lolote.

Penye taabu ni pale sura inapobaki ileile na maana ikahama. Yaya kwetu ni kaka au dada aliyekutangulia kuzaliwa; Tanzania na Kenya ni mtu aliyeajiriwa kulea watoto. Msomaji wetu akikuta "yaya alifukuzwa kazi", atashangaa ni familia gani inayomfukuza mkubwa wao. Hilo halidhuru mtu. Lakini chukua neno mganga. Munganga wetu ni daktari, yule wa hospitali. Katika maandishi ya pwani, mganga mara nyingi ni mtu wa dawa za kienyeji, ingawa hukohuko mganga mkuu aweza kuwa daktari wa serikali. Sasa mama wa Goma akutane na maneno haya: "Mtoto akipata degedege usimpeleke kwa mganga, mpeleke hospitali haraka." Usimpeleke kwa daktari, mpeleke hospitali? Sentensi inagombana yenyewe kwa yenyewe. Ugomvi wa namna hiyo ndiyo ishara ninayowafundisha watu kuisikiliza. Ukiona mwandishi anasema jambo lisiloingia akilini, kabla hujamlaumu, rudi utafute ni neno lipi ulilolipitisha bila kulikagua. Badilisha maana ya hilo moja, kisha usome tena. Ugomvi ukiisha, umelipata.

Neno geni la kweli nalo lina njia yake. Kiswahili kimetupa bahati: maneno yake yana viungo, na viungo hivyo hufunguka. Kwa mazoezi ya watu wazima tulitunga tangazo fupi kuhusu jambo linalowagusa wote: "Wakazi wa mabondeni wajihadhari na hewa ukaa, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujavuma. Mifugo iliyolala chini ndiyo huathirika kwanza."

Tulianza na huathirika. Hakuna aliyelijua, ila mzee mmoja alisema redio husema athari za vita. Tukaweka maneno mawili sambamba ubaoni: athari, athirika. Athari ni matokeo, mara nyingi mabaya. Anayeathirika ndiye yanayempata. Hiyo -ika ya mwisho wanaijua vizuri: vunja, vunjika, sikia, sikika. Neno likafunguka kwa dakika moja.

Hewa ukaa ikatuchukua nusu saa, na kwangu ndiyo nusu saa nzuri kuliko zote nilizokaa na kundi lile. Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni alisema bila kusita: "Ni hewa yenye inakaa chini." Ushahidi wake ulikuwa mzuri: tangazo linataja mabonde, linataja saa zisizo na upepo, linataja mifugo iliyolala. Kila kitu katika sentensi kilimuunga mkono. Tena alikuwa amekwisha kutambua kinachozungumzwa: "Si njo mazuku!" Naam, ndiyo mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini pande hizi za Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake. Ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana hutulia chini na kuua mbuzi kabla ya kumfikia mtu aliyesimama.

Hata hivyo, ukaa halitokani na kukaa. Sentensi iliyofuata katika tangazo ilisema: "Hewa hii ndiyo tunayoitoa tunapopumua, na ndiyo itokayo makaa yanapoungua." Kijana mmoja akashika neno makaa. Moja ni kaa, mengi ni makaa. Ongeza u- ile inayotoa utu kutoka kwa mtu, upate ukaa, yaani asili ya kaa la moto. Mwingine, aliyesoma kwa Kifaransa, akaongeza kwamba mwalimu wake wa kemia aliiita gaz carbonique, na kwamba charbon na carbonique ni ndugu vilevile. Kumbe neno lililotutisha lilikuwa na makala ya jikoni ndani yake.

Je, mama yule alikosea? Kuhusu asili ya neno, ndiyo. Kuhusu kujikinga, hapana: mtu anayeamini kwamba hii ni hewa inayokaa chini hatamlaza mtoto shimoni. Kwa hiyo ninawaambia watu waandike kisio lao kwa penseli pembeni ya ukurasa na waendelee kusoma. Kisio kinaweza kutosha kwa leo, kikasahihishwa kesho. Kosa ni kukiandika kwa wino.

Kuna neno jingine ambalo mji huu unalisoma kwa namna yake: mlipuko. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji, ukalipuka tena Mei 2021. Haishangazi kwamba mtu wa hapa akisoma "mlipuko wa kipindupindu" huwaza moto kwanza. Kitenzi ni kilekile, lipuka: kitu kilichokuwa kimetulia kinatoka kwa ghafla na kusambaa. Hapo mzizi peke yake hautoshi. Lazima umtazame jirani wa neno, kipindupindu, ndipo ujue ni jambo gani limesambaa.

Nisiwape matumaini makubwa kupita kiasi. Mwaka 1999 watafiti Swanborn na de Glopper walikusanya tafiti kuhusu wanafunzi wanaokutana na maneno mageni katika kusoma kwa kawaida, wakaona kwamba kwa wastani hujifunza kama 15 tu kati ya kila 100. Mwaka uliofuata watafiti wengine, Marcella Hu na Paul Nation, wakiwapima wanaojifunza Kiingereza, walionyesha kwamba ili msomaji aielewe hadithi bila msaada alihitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno yake, yaani neno geni moja katika kila 50. Kiswahili na viambishi vyake hakihesabiki kwa njia ileile, lakini fundisho linatufaa: mtoto akikwama kila mstari, dalili za kukisia zenyewe ni maneno asiyoyajua. Mpe kitabu chepesi zaidi. Neno hilohilo akilikuta mara tano katika hadithi anazozifurahia litamkaa kuliko akililazimishiwa mara moja.

Na yapo maandishi ambayo sikubali yakisiwe hata kidogo. Karatasi ya dawa inasema "vidonge viwili kutwa mara tatu", na nimeona watu wakibishana kama kutwa ni usiku au ni siku nzima. Kutwa ni mchana, tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, na kwenye karatasi ya dawa humaanisha kwa siku. Lakini usiitegemee hata makala hii. Muulize muuguzi kabla ya kuondoka dirishani, na umrudishie kwa maneno yako: nimeze asubuhi, mchana na jioni, sivyo? Vivyo hivyo karatasi ya kiwanja na karatasi ya mkopo. Hapo penseli haitoshi.

Kwa mwenye kamusi, jambo moja linalowakatisha wengi tamaa bure. Wanalitafuta neno kama lilivyo ukurasani, hawalipati, wanasema kamusi ni mbovu. Livue kwanza nguo zake. "Walitutahadharisha" halimo kwenye W; ondoa wa-, -li- na -tu-, utabaki na tahadharisha, nalo lipo karibu na tahadhari. Nyuso zimo chini ya uso, ndimi chini ya ulimi, na macho utayakuta kwenye J, mahali pa jicho.