Je, wajua kwa nini seli ya mafuta, iliyobuniwa mwaka 1839, bado inahangaika kuingia sokoni?

Watafiti wa seli za mafuta wakikutana, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye platini, metali ghali inayoharakisha mmenyuko ndani ya seli hizo. Mwanakemia anataka kuipunguza, mhandisi anataka idumu, na anayeuza mitambo anataka kujua itamgharimu kiasi gani.

Seli ya mafuta huunganisha hidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto, ikatoa umeme, joto na maji. William Grove, mwanasheria wa Wales aliyezama katika sayansi, alilionyesha hilo mwaka 1839, na tangu siku hizo za mwanzo alitumia platini.

Hebu tuitazame kwa ndani ile inayotumika kwenye magari. Upande mmoja hidrojeni inagusa chembe za platini na kugawanyika kuwa protoni na elektroni. Katikati kuna utando mwembamba kuliko karatasi unaopitisha protoni na kuzuia elektroni. Elektroni hazina budi kuzunguka kwa waya, na mwendo huo ndio umeme tunaoutumia. Ng'ambo ya pili, protoni na elektroni hukutana na oksijeni, maji yakapatikana.

Kazi ngumu iko huko kwa oksijeni. Atomi zake mbili zimeshikamana kwa nguvu, na kila molekuli inahitaji elektroni nne ili igeuke maji. Hata platini hulifanya jambo hilo polepole. Ndiyo maana seli moja, ambayo kinadharia ingetoa volti 1.23, ikiwa kazini hutoa kama 0.6 au 0.7 tu. Ili kupata nguvu ya kutosha inabidi zipangwe nyingi pamoja: gari la hidrojeni la Toyota Mirai la mwaka 2014 lilikuwa na seli 370.

Angani mambo yalikuwa mepesi zaidi. Gemini 5, chombo cha anga cha Marekani, kilitumia seli za mafuta mwaka 1965, na wanaanga wa Apollo, safari za kwenda mwezini, walikunywa maji yaliyotoka kwenye seli zao. Gharama haikuwa kikwazo huko, na hidrojeni ilikuwa safi. Lakini hapa duniani hidrojeni nyingi hutengenezwa kutokana na gesi asilia, na isiposafishwa vizuri hubaki na monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo hung'ang'ania platini. Kwenye seli inayofanya kazi kwa nyuzijoto 80 hivi, hata sehemu 10 katika milioni zinatosha kuidhoofisha.

Hatua iliyonivutia kuliko zote ilipigwa katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kuanzia miaka ya 1980. Platini hufanya kazi pale tu gesi, njia ya protoni na njia ya elektroni zinapokutana. Nyingine yote imekaa bure. Watafiti walichukua chembe ndogo mno za platini zilizotawanywa juu ya kaboni, wakazipaka mmumunyo wa plastiki ileile ya utando, ili protoni zifike hadi ndani. Kiasi kilichohitajika kikashuka kutoka miligramu 4 kwa sentimita ya mraba hadi takriban 0.4. Kwa maoni yangu, bila hatua hiyo gari la hidrojeni lisingefika dukani.

Lakini kupunguza platini kunazaa swali jingine, ambalo wafanyabiashara huliuliza mapema: itadumu? Gari linapowashwa na kuzimwa, volti hupanda na kushuka, platini huyeyuka kidogo kidogo, chembe zake huungana na kaboni inayozibeba huliwa. Palipo na chembe chache, kila inayopotea inauma.

Wengine wameiacha platini na kugeukia vichocheo (viharakisha mmenyuko) vya chuma, naitrojeni na kaboni. Ni rahisi kwa bei, ila huchoka upesi. Aina nyingine, seli za kauri, hazihitaji platini kabisa, zinatumia nikeli, kwa sababu joto lao la nyuzijoto 600 hadi 1,000 huharakisha kazi. Joto hilohilo huzifanya zichelewe kuwaka, na kupoa mara kwa mara huweza kuzipasua, hivyo zinafaa zaidi majengo yanayohitaji umeme usiku na mchana kuliko magari.